Mafuta ya Shemeji Gaudensi

Watani walikuja na dumu. Nilikuwa nimekaa mkekani upande wa wanawake, magoti yananilaumu kwa safari, nikamwona mtani mmoja, mtu mzima mwenye mvi, anaingia uani akinyata, dumu la njano kwapani na kipande cha mpira mdomoni, anakinyonya mpaka mashavu yanaingia ndani. Watu wakaangua kicheko. Msibani kwetu ndivyo ilivyo: mtani anakuja kumwigiza marehemu ili watu wapumue, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Akainamia beseni la kunawia, akavuta, akatema, akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akasema kwa sauti ya marehemu mwenyewe, ile ya kupitia puani, "Mashine ya moto haizimwi, jamani! Nyie pandeni tu!" Hata Odilia, mjane mwenyewe, alicheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi sikucheka. Nilijisemea moyoni, mtu yumo kaburini tangu jana na bado hawajamtua dumu.

Siku hizi ninachoka kwa namna ambayo kulala hakusaidii. Simu ya msiba ilinikuta mlangoni kwangu, kijijini Mamba, nachambua mchele. Binti yake Gaudensi akasema, "Mama mdogo, baba ametutoka," nami nikaendelea kuchambua mchele ule mpaka ukaisha, maana mwili ulikataa kusimama. Nimefika umri wa kwenda msiba mmoja na kupewa habari za mwingine hukohuko, na mingi siku hizi natuma rambirambi, naomba radhi, nalala. Huu haukuwa wa kutuma. Nikapanda basi, nikapita mbugani nimefumba macho kwa vumbi, nikashuka Mpanda na kuulizia Majengo, nyumba ya Mzee Gaudensi. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Gaudensi yupi, bibi? Yule Mzee Dizeli?" Nikamwambia huyohuyo. Ningesema nini? Jina lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko huyo kijana.

Nilifika kabla hajazikwa, na Odilia alinipokea kwa kilio kile cha kuitana majina. Tukashikana, tukalia, tukachoka kulia, halafu akaninong'oneza, "Mdogo wangu, hujanywa chai." Akavuta kamba iliyokuwa shingoni, kwenye kamba pana ufunguo, akaingia chumbani. Nikasikia sanduku linafunguliwa na kufungwa, akarudi na sukari kwenye kikombe. Nyumba imejaa watu, mume yuko sebuleni ndani ya jeneza, na sukari bado inatoka sandukuni kwa ufunguo. Niliutambua ule ufunguo. Nilikuwepo mwaka ulipoanza kuvaliwa.

Mwaka huo ulikuwa wa katikati ya miaka ya tisini, na niliuishi Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wengine wakisimulia ujana wao huanzia kwa babu. Mimi babu nawaachia wenye muda. Itoshe kwamba nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mikono iliyozoea kutwanga, na kazi ya ukarani kwa Mzee Masanja. Huyu alikuwa Msukuma wa Kakese, tajiri wa ng'ombe, mpole wa sauti, ambaye alinunua boti bila kuyapenda maji. Hakuwahi kuipanda. Akija Karema kwa lori alisimama mchangani, mbali na mawimbi, viatu vimefungwa kamba, akawa anauliza habari za boti kwa kupaza sauti, kama mtu anayemwita jirani mwenye mbwa mkali. Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, na tumboni mwake mashine ya dizeli ya silinda moja, ya kuwashwa kwa hendeli ya mkono. Ilibeba mpunga kwenda Ikola na vijiji vya ufukweni, ikarudi na dagaa, migebuka na watu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia yanayopanda na yanayoshuka. Kazi ya kuiendesha ilikuwa ya Gaudensi.

Nilipangishwa chumba kwenye nyumba yao, nyuma ya ghala. Ukuta kati ya chumba changu na chao ulikuwa wa tofali za udongo na haukufika juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu: kukohoa, kusali, kutaniana. Nyumba nzima ilinuka dizeli na dagaa, na baada ya wiki chache nami nikanuka hivyo nikaacha kujali. Odilia aliniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mumewe akawa shemeji, na shemeji yule alikuwa mcheshi jamani. Jioni tulikula ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga, chai baadaye, na kopo la sukari likiwa katikati ya meza halina mwenyewe. Gaudensi aliichota mpaka kijiko kikawa kama kinataka kusimama chenyewe kikombeni. "Odilia, sukari hii haikolei," anasema. "Haikolei wewe, koroga!" Odilia anamjibu, na kumpiga begani. Akipigwa bega la kulia uso wake ulikunjika kidogo, halafu akacheka. Nilidhani ni mchezo wao. Kila usiku Odilia alimkanda bega hilo kwa mawese ya moto, na ukutani nikisikia, "Baridi ya ziwani hii, Gaude, itakuua," naye, "Mh, kanda tu."

Dizeli ilitoka Mpanda kwa lori, ndani ya mapipa, na wakati wa masika njia ilipokatika pipa liliweza kukaa porini mpaka watu wasahau lilikuwa la nani. Dizeli ikiisha, boti inalala, na boti ikilala mama mjamzito wa kijiji cha mbali anabebwa kwa makasia. Ndiyo maana mafuta hayakuwa jambo la mzaha Karema. Sasa mwaka ule yakaanza kwisha upesi kuliko zamani. Mzee Masanja akaja, akasimama mchangani pake, akaniita. "Mayu," akasema, maana alimwita kila mwanamke hivyo kwa heshima, "ng'ombe namjua. Akila namwona, akikonda mbavu naziona. Hii mashine inakula gizani. Nataka unionyeshe inakula kiasi gani, ili nijue kama ni yenyewe inakula au kuna mwingine anakula nayo." Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, kwa sababu ufunguo wa chumba cha mafuta alikuwa nao mtu mmoja, Gaudensi.

Nikapanda lori hadi Mpanda nikamuuliza fundi wa gereji namna ya kupima. Akaniambia nisihangaike na pipa, pipa lina mikono ya kila mtu. Nichukue dumu jeupe linaloonyesha kilichomo ndani, nilining'inize juu ya mashine, mpira wa kupeleka mafuta utoke humo, na ule mwembamba wa kurudisha yanayobaki urudi humohumo. Nichore mistari ubavuni mwa dumu. Mashine ikinywa, mstari unashuka, nami nakaa natazama. "Ni kama kumlisha mtoto chupa," akasema. Gaudensi ndiye aliyenifungia lile dumu. Alifunga vizuri, akakaza mpira kwa waya, akarudi nyuma akalitazama. "Haya," akasema, "tumpime mtoto." Hakuonekana mtu mwenye hofu.

Tulipima mara ya kwanza ziwa likiwa limetulia, boti haina mzigo wala abiria, kutoka Karema moja kwa moja hadi Ikola. Mashine ilikunywa kidogo mno. Nilifurahi kama mjinga, nikidhani habari njema ni habari njema, mpaka nilipomwona Mzee Masanja anaitazama ile mistari kisha anatazama ardhi. "Basi mashine haina njaa," akasema taratibu. "Na mafuta yanakwisha. Mayu, hiyo tofauti anainywa nani?" Watu waliokuwa wanatandaza dagaa wakaacha kutandaza. Gaudensi alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kujifuta hata baada ya mikono kuwa safi. Bosi akasema nitapima safari za kawaida nazo, nikae palepale kwenye dumu, na mpunga wa msimu ukimalizika kama mafuta bado yanapotea ataleta dereva mwingine. Jioni ile nilisikia ukutani Odilia anauliza, "Gaude, yanakwenda wapi?" "Yanakwenda kwenye mashine." "Mashine si imepimwa?" Nikasikia kitanda kinalia, mtu anageuka. "Haya, lala basi," Odilia akasema, na kwa mara ya kwanza sikusikia harufu ya mawese.

Safari za kawaida, ewe msomaji, zilikuwa kitu kingine kabisa. Tunafika kijiji cha kwanza, boti inagusa mchanga, mashine inaendelea kupiga tuku tuku tuku. Magunia yanashuka. Mwanamke mmoja anapanda, anakumbuka kuku wake, anarudi. Mwingine anamsalimia shangazi: habari za huko, nzuri, za watoto, wazima, na yule aliyeumwa, bado anavutavuta. Kwetu huwezi kumkatiza mtu salamu kwa sababu ya chombo. Chombo kinasubiri. Mashine inapiga, moshi unatoka, nami nautazama mstari kwenye dumu unashuka na hatuendi kokote. Kijiji cha pili vilevile, cha tatu kuna mzee tunamsubiri amalize kula. Nikasema, "Shemeji, si uizime?" Akanijibu bila kunitazama, "Mashine ya moto haizimwi." Abiria wakaidaka, wakaigeuza wimbo wa kumtania, "Haizimwi! Haizimwi!" Nikajua basi yanakokwenda mafuta, na nikashangaa, kwa sababu mtu aliyetishiwa kufukuzwa kwa ajili ya mafuta anawezaje kuyaacha yaungue namna ile.

Jibu nililipata Ikola. Tukiwa tunaondoka, kipande cha wavu uliokatika kikajisokota kwenye propela, mashine ikakohoa ikafa yenyewe. Vijana wakapiga mbizi wakaukata wavu. Hapo Gaudensi akawaambia abiria wote washuke wasogee mbali, eti boti iwe nyepesi. Walishuka wakilalamika. Mimi nilibaki kwa sababu ya dumu. Juu ya kichwa cha mashine ile palikuwa na kidude: ukikiinua, inazunguka laini bila ubishi, unazungusha hendeli kwa nguvu mpaka ipate kasi, unakiangusha, inabana pumzi na kuwaka. Gaudensi akakiinua kwa mkono wa kushoto, akashika hendeli kwa wa kulia, na mkono ule ukapanda mpaka usawa wa kifua, ukagoma. Akauma mdomo. Akajaribu tena. Akajaribu wa kushoto, hendeli ikaenda nusu ikasimama. Jasho lilikuwa linamtoka na upepo ulikuwa wa baridi. Akaketi juu ya gunia. "Shemeji," akasema, "geuka utazame ziwa." Nikageuka. Nyuma yangu nikasikia mtu mzima anaguna, anapumzika, anaguna, anapumzika, mpaka mashine ikashika. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini kabisa, mgongo kwenye mbao, macho mekundu, na watu wanapanda wakiimba haizimwi, haizimwi.

Njiani akanieleza, karibu na sikio langu kwa sababu ya mlio. Kiangazi kilichopita mashine ilirudi nyuma kwa ghafla, hendeli ikamvuta mkono, kitu kikakatika begani. Hakwenda popote kutibiwa, maana angeonekana. Asubuhi aliiwasha kabla watu hawajafika, kwa kujaribu na kupumzika. Mbele ya abiria hakuna kupumzika, kwa hiyo ikishawaka haizimi tena mpaka jioni. "Si umwambie bosi?" nikasema. Akanitazama kwa huruma, mimi ndiye nikahurumiwa! "Unamkumbuka Kasto?" Nilimkumbuka. Kasto alikuwa mpakiaji wetu, akaumia mgongo. Mzee Masanja alimlilia machozi ya kweli, akampa gunia la mpunga na nafasi mbele ya lori arudishwe kwao, na hapo habari ya Kasto ikaisha. "Bosi ana roho nzuri sana," Gaudensi akasema. "Ndiyo ninayoiogopa."

Nikamwambia anifundishe hendeli. Akacheka, akakataa, akasema mwanamke na mashine wapi na wapi, kisha safari iliyofuata, ufukwe ukiwa na mvua na hauna watu, akanipa. "Dole gumba lisizunguke," akasema. "Liweke upande mmoja na wenzake. Ikirudi nyuma itakunyang'anya hendeli tu. Ukizungushia dole itakunyang'anya na mkono. Mimi siku ile nilizungushia." Nilizungusha mpaka viganja vikatoka malengelenge, yeye ameshika kile kidude, ananihesabia, "Vuta, vuta, vuta, haya!" Mara ya kwanza ilipowaka nilipiga kigelegele peke yangu. Tangu siku hiyo tulizima kila kijiji, na salamu ziliendelea kimya kimya bila moshi. Wanawake walinitania vibaya. "Leo mashine imepata mke!" "Karani, ukiolewa mumeo asithubutu kukuchokoza!" Gaudensi aliwaambia, "Anataka kujifunza, mwacheni ajifunze." Jioni nililala nimekufa, mikono inatetemeka hata kijiko siwezi, na Odilia akinikanda mimi kwa mawese upande huu, mumewe upande wa pili akisema sasa nyumba ina wagonjwa wawili wa baridi. Nilichoka mwaka ule kuliko miaka yote niliyozaa. Ila nilikuwa na furaha, maana mstari ulikuwa haushuki. Mafuta yalianza kubaki. Niliona nimemwokoa shemeji yangu.

Mpunga wa msimu ulipomalizika Mzee Masanja akaja. Nikamwonyesha vipimo vya safari tulizozima; ile ya haizimwi niliiacha, isije ikaulizwa sababu. Akavitazama, akaomba kuonyeshwa pipa, akagonga pipa kwa kidole likaitika kwamba lina kitu. Akaita watu, wapakiaji, wanawake wa dagaa, waliokuwa wanapita. Odilia naye alikuwepo, sinia la migebuka kichwani. "Nyie watu wa Karema," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "mimi si mtu wa maneno. Boti ni ileile. Mashine ni ileile. Mizigo ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mayu huyu amekaa pale anatazama, tena hendeli ameishika yeye. Na mafuta yametulia. Paka akiondoka panya hutawala. Sasa paka yupo. Gaudensi, sikuulizi kwa ubaya. Sema mwenyewe." Sikuwa nimewaza hilo hata mara moja. Kila nilichozungusha kwa mikono yangu kilikuwa kimegeuka ushahidi. Nikafungua mdomo, neno bega limeshafika kwenye ulimi, na Gaudensi, ambaye alikuwa ananitazama mimi wala si bosi, akaniwahi. "Nisamehe, bosi," akasema. "Shetani alinipitia."

Mzee Masanja alikaa akamtazama, akatoa leso akajifuta uso. "Umesema mwenyewe mbele za watu," akasema. "Aliyerudi mwenyewe zizini simpigi. Sikufukuzi. Lakini hutakaa na mashine hii peke yako tena mpaka nife. Atakuwepo mtu pembeni yako kila safari, akiondoka huyu mayu nitaleta mwingine." Watu wakashangilia wema wa tajiri, na kweli ulikuwa wema. Odilia akashusha sinia mchangani, akaliacha hapo na samaki wake, akaenda nyumbani bila kumsubiri mtu. Jioni tulipokaa kula, kopo la sukari halikuwepo mezani. Gaudensi akanyoosha mkono mahali lilipokuwaga, mkono ukakuta meza tupu, akaurudisha. Odilia akainuka, akavuta kamba mpya shingoni, akaingia chumbani. Akarudi na kijiko kimoja kimejaa, akakikorogea kwenye kikombe cha mumewe kama anavyofanyiwa mgeni.

Nilimfuata Gaudensi nyuma ya ghala kesho yake nikiwa nawaka. "Shemeji, umejitukana mbele ya mkeo! Umejivika wizi!" Alikuwa anakunja mpira wa dumu, hakuacha kuukunja. "Mgonjwa anapewa pole na nauli," akasema. "Mwizi anapewa mlinzi. Mlinzi huyo ndiye atakayenizungushia hendeli. Wewe utakaa Karema milele?" Nikamuuliza, na Odilia je? Hapo ndipo aliposimama kidogo. "Odilia hajui kuhurumia kimya. Akinihurumia atanihurumia kwa sauti, na ufukwe huu una masikio. Nikiwa napumua, shemeji, usimwambie mtu. Nikishaacha kupumua, shauri yako." Nikaapa. Nilikuwa na hasira naye nikaapa hivyohivyo. Nikaondoka Karema masika yaliyofuata, na Mzee Masanja akaleta mpwa wake, bonge la kijana, akae pembeni ya mwizi. Kijana yule alizungusha hendeli miaka mingi akidhani analinda mafuta. Gaudensi aliendesha boti mpaka mashine yenyewe ilipochoka, watoto wakasoma, wakajenga hapa Majengo. Nimelifikiria jambo hili nikiwa nalima, nikiwa nanyonyesha, nikiwa kanisani mahubiri yakizidi urefu. Tulipima kwa uangalifu wote na vipimo vilikuwa sahihi. Hakuna aliyekosea hata tone. Ndicho kinachonichosha.

Watani walipoondoka na dumu lao, na watu wa mbali wakaanza kufunga mizigo, nilibaki na Odilia jikoni. Birika lilikuwa linachemka. Nikaliipua, na Odilia akaukodolea macho mkono wangu. "Bado unashika hivyo," akasema. "Hivyo vipi?" "Dole gumba juu, halizunguki. Gaude naye hivyohivyo mpaka mwisho. Kikombe, jembe, hata mkono wa mtu. Nilidhani ni maringo." Akamimina chai, akachungulia uani kama kuna anayesikia, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, wewe ulikaa naye kwenye mashine. Nikuulize kitu, ameshakufa, hakidhuru tena. Alikuwa anayauza wapi? Maana sikuwahi kuona hata kitenge kilichotoka kwenye hiyo dizeli."

Nikamwambia. Nilianza na wavu wa Ikola, nikamwambia habari ya geuka utazame ziwa, ya Kasto, ya mgonjwa na mwizi. Nilisema polepole kwa sababu pumzi yangu siku hizi ni fupi. Alinisikiliza akiwa ameshika ule ufunguo kifuani. Nilipofika kwenye bega akasema tu, "Nililikanda mimi," nami nikasema ndiyo, ulilikanda wewe. Nilidhani atalia, kwa sauti, kama marehemu alivyosema. Hakulia. "Nilimsamehe," akasema. "Nilikwenda kwa padri, nikafunga, nikasali novena, nikamsamehe. Nilimwambia, Gaude, nimekusamehe. Akasema asante." Akauvua ufunguo, kamba ikakwama kwenye kitambaa cha kichwa, nikamsaidia kuitoa. Akauweka mezani kati yetu, karibu na kikombe.

"Miaka yote hiyo," akasema, "ameniomba sukari kama mgeni."